Kabla zege halijapulizwa: maswali yenu ya bwawa la kuogelea

Maswali ya mabwawa ya nyumbani yamerundikana, na mengi yananifikia yakiwa yamechelewa. Mtu ananitumia picha ya ukuta wa zege uliokwishakauka, kisha anataka kujua kama nondo zilizomo ndani zimekaa sawasawa. Hakuna jicho linaloona ndani ya zege. Kwa hiyo leo nimechagua yale tu yanayohusu siku chache kabla ya kazi hiyo: shimo limechimbwa, nondo zimefungwa, mabomba yamelazwa, na kosa lolote bado linarekebishika kwa sepetu, koleo la kukatia waya na saa moja ya subira. Zege la kupuliza, kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, ni zege linalorushwa kupitia mpira kwa hewa ya kompresa mpaka likashika kwenye nondo na udongo wa shimo.

Mhandisi, fundi amesema gari la zege linakuja keshokutwa asubuhi na limeshalipiwa. Naomba unitajie vitu vya kukagua leo jioni.

Nitakutajia, lakini kwanza mpigie simu mkandarasi gari liahirishwe. Nimeliandika jambo hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika: gari haliitwi mpaka ukaguzi umekwisha na dosari zimerekebishwa. Ukaguzi unaofanywa gari likiwa njiani hauna faida. Utaona dreni, yaani tundu la sakafuni ambalo pampu huvutia maji, imekaa vibaya, utaambiwa "haina shida, bosi". Utaona nondo zimelala chini, utaambiwa "tutaziinua". Nawe utakubali, kwa sababu pesa imeshatoka na kundi zima la vijana limesimama likikutazama. Wapo wakandarasi wanaopanga hivyo makusudi. Atakayejenga baada yako aliandike kwenye mkataba kabla shimo halijaanza: siku mbili kamili kati ya nondo kumalizika na zege kupulizwa, na mwenye nyumba ana haki ya kusimamisha kazi.

Ukishaipata nafasi hiyo, anza na umbo. Chukua mchoro uliotiwa saini, si ule ulio kichwani mwa fundi. Pima urefu, upana na mishazari yote miwili, kona hadi kona. Bwawa la mstatili ambalo mishazari yake haifanani limekwenda upande. Kina kipimwe kutoka kwenye kamba iliyovutwa kwenye usawa wa maji, si kutoka juu ya ardhi, maana ardhi hupanda na kushuka. Na kumbuka kuwa shimo lazima lizidi kina cha maji kwa unene wa zege pamoja na lipu yake. Wengi hupata bwawa la mita 1.3 walipolipia la mita 1.5 kwa kusahau hesabu hiyo.

Kisha zungusha pimamaji au leza kwenye mbao za ukingo wa juu, bwawa zima. Ukingo ukiinama sentimita 2, utaziona sentimita hizo kwenye mstari wa vigae kila siku ya maisha ya bwawa. Zitikise mbao hizo kwa mguu. Zikicheza kwa mguu wako, zege linalosukumwa na kompresa litazifungua.

Skima, yaani kisanduku cha ukutani kinachovuta uchafu unaoelea juu ya maji, ikae upande ambao upepo unapelekea majani, na usawa wa maji ufike katikati ya mdomo wake. Taa itazame mbali na mahali mnapokaa jioni, la sivyo itawachoma macho. Vipandio vya ngazi viwe na kimo kimoja. Nondo, mabomba na umeme nimevijibu hapa chini kwa wenzako.

Nondo za sakafuni zimelala juu ya udongo. Fundi anasema wataziinua kwa ndoano wakati wa kupuliza. Ni sawa?

Si sawa, na usikubali hata akikuapia. Mshika mpira anatazama mbele yake, wa nyuma anabeba mpira, wengine wanakwangua na kusawazisha. Hakuna aliyebaki wa kuinua nondo, na hata akiwepo, nondo iliyoinuliwa hurudi chini mara mtu anapoikanyaga. Jamvi la nondo lililolala udongoni litabaki udongoni. Unyevu utalifikia, litashika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, itavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Miaka michache baadaye utaona madoa ya kahawia sakafuni na utaambiwa ni dawa ya maji.

Kwa zege linalogusana na udongo, kava ya nondo, yaani unene wa zege linaloifunika, ni milimita 75. Upande wa maji isipungue milimita 50. Nondo za sakafuni zikae juu ya biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya kuinulia nondo, moja kila mita moja hivi kwa kila upande, kiasi kwamba ukipita juu yake jamvi halishuki. Vipande vya tofali havifai, vinanyonya maji. Mawe ya kuokota yanateleza. Mbao ndiyo mbaya kuliko zote: kipande cha mbao kilichofunikwa ndani ya zege huoza, na nafasi yake huwa njia ya maji. Vigingi vya chuma vilivyopigiliwa ardhini kushikilia nondo navyo viondolewe, kwa sababu huingiza kutu moja kwa moja kutoka udongoni. Na ukuta una haki ileile ya sakafu. Pitisha kiganja chako kati ya nondo na udongo wa ukutani. Pale ambapo vidole haviingii, pasirekebishwe kwa maneno.

Nafasi kati ya nondo ipime mahali kadhaa, hasa kule ambako ni shida kufika. Michoro mingi ya mabwawa ya nyumbani hutumia nondo za milimita 10 au 12 kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 30, kisha huziongeza kwenye kina kirefu, kwenye kona ya ukuta na sakafu, na kwenye mkanda wa juu. Nyongeza hizo ndizo huibwa kwanza. Urefu wa kulaliana, pale nondo mbili zinapopishana ili kuungana, uwe kama mara 40 ya kipenyo: sentimita 40 kwa nondo ya 10, sentimita 48 kwa nondo ya 12.

Lipo jambo jingine ambalo mafundi waliozoea zege la kumwaga hawalijui. Wao hufunga nondo mbili zikiwa zimegusana, na mashine ya kutikisa hulipeleka zege kila upande. Kwenye kupuliza hakuna mashine ya kutikisa. Nondo mbili au tatu zilizobanwa pamoja huzuia zege lisifike nyuma yake, na pale nyuma hubaki pango refu jembamba lenye mchanga usio na saruji. Maji yakilipata pango hilo, hulifuata mpaka mwisho. Ndiyo maana nondo zinazolaliana ni afadhali ziachane kama sentimita 5, mhandisi aliyechora akiridhia kwa maandishi. Na fundo la waya lenye ukubwa wa ngumi likatwe.

Nondo zangu zimepata kutu kidogo baada ya mvua. Nizibadilishe?

Kutu nyepesi isiyobanduka haina neno. Matope, mafuta na rangi ndivyo vya kusafisha, na nondo iliyoliwa mpaka ikapungua unene ndiyo ya kubadilisha.

Naambatanisha picha. Je, kazi iko vizuri?

Swali hili limekuja na picha za watu wengi tofauti, zote zikiwa zimepigwa kutoka juu ya kifusi na jua likiwa nyuma. Siwezi kupima kava kwenye picha ya namna hiyo, na anayekwambia anaweza anakufariji tu. Shuka shimoni. Weka futi ya kupimia kwenye nondo, isomeke, ndipo upige. Piga kila kona, kila dreni, kila bomba linapopenya ukuta, kila kiungo cha waya wa shaba, na kila picha ionyeshe iko upande gani wa bwawa. Usinitumie mimi peke yangu, mtumie mhandisi wako siku hiyohiyo. Picha hizo zitakufaa tena baada ya miaka, siku mtu atakapotaka kutoboa ukingo na hujui bomba limepita wapi.

Mabomba yamepimwa presha wiki iliyopita, geji ikasimama vizuri, wakaitoa. Nina sababu ya kuwa na wasiwasi?

Unayo. Tangu wiki iliyopita watu wametembea juu ya mabomba hayo, wamekata nondo juu yake, wamepigilia vigingi kandokando. Geji irudishwe na ibaki hadi zege limekwisha kupulizwa. Presha ya psi 35 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa dakika 15 bila kushuka ndiyo kipimo kinachotumika sana, kisha mfumo uachwe na presha wakati wa kupuliza, na awepo mtu wa kuitazama sindano. Ikianguka ghafla, kazi isimame hapohapo, zege likiwa bado bichi na bomba bado linafikika. Kesho yake utahitaji nyundo ya kuvunjia.

Wajaze maji, si hewa. Bomba la PVC lililojazwa hewa ya kompresa likipasuka hurusha vipande vikali, na watu shimoni hawana pa kukimbilia. Kipimo kifanyike asubuhi, kwa sababu jua likiyapiga mabomba sindano hupanda na jioni hushuka, na hapo mtaanza kubishana kama kuna mvujo au hakuna.

Zaidi ya hayo, angalia mabomba yanavyopita. Yalale nje ya ganda la zege, yalipenye mahali pa kuingilia tu, kila moja na nafasi yake. Bomba linalosafiri kwa urefu ndani ya ukuta wa sentimita 15 limeula ukuta huo. Mabomba manne yaliyofungwa pamoja yana kasoro ileile ya nondo zilizobanwa: zege halifiki katikati. Vinywa vyote vizibwe, pamoja na skima, kikombe cha taa na bomba la waya za umeme. Zege likiingia humo halitoki.

Wala usipuuze kipenyo. Upande wa kuvuta, maji yasizidi kasi ya mita 1.8 kwa sekunde. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 linabeba kama lita 12,700 kwa saa kwa kasi hiyo. Pampu ikitaka zaidi ya hapo, bomba kubwa liwekwe sasa.

Dreni moja katikati inatosha? Bwawa ni dogo tu, la watoto.

Dada yangu, kwa sababu ni la watoto ndiyo maana haitoshi.

Chukua dreni yenye kipenyo cha sentimita 20. Mwili ukiifunika kabisa na pampu ikavuta kwa nusu baa tu, karibu nusu ya presha ya hewa ya kawaida, nguvu inayoushikilia ni kama ya uzito wa kilo 160. Hakuna mzazi anayemnyanyua mtoto dhidi ya nguvu hiyo. Mwaka 2002 huko Marekani, Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, alifia kwenye bwawa dogo la maji moto baada ya kunaswa na dreni. Mama yake alimvuta akashindwa, na watu wazima wawili waliomtoa walivuta mpaka kifuniko kikavunjika. Alikuwa mjukuu wa James Baker, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo. Sheria ya usalama wa mabwawa yenye jina la mtoto huyo ilitiwa saini Desemba 2007, na kuanzia Desemba 2008 vifuniko vya dreni vinavyouzwa kule lazima vitimize viwango vya kuzuia kunasa.

Fanya hivi: dreni mbili, ziachane sentimita 90 au zaidi, ziungane kwenye bomba moja kabla ya kufika kwenye pampu, na katikati pasiwe na vali inayoweza kuifunga moja ikabaki nyingine peke yake. Moja ikizibwa, maji yanapitia ya pili na mvuto unakatika. Vifuniko viwe vya mbenuko, vya kufungwa kwa skrubu, vilivyoandikwa kiwango cha maji vinachoruhusu, na kiwango hicho kiizidi pampu yako. Nywele ndefu hunaswa hata pale ambapo mwili haunaswi. Kabla ya zege, dreni ya pili ni kipande cha bomba na kazi ya nusu siku. Kwenye ukaguzi huu wote, hili ndilo jambo ambalo likikosekana nasimamisha kazi bila mjadala.

Fundi umeme yuko safarini. Mkandarasi anasema aje tu baada ya zege, kwani taa zinafungwa mwishoni.

Taa zinafungwa mwishoni, ila kuunganisha vyuma kunafanywa sasa, na huyo mkandarasi ama hajui au hajali. Nondo, kikombe cha taa kama ni cha chuma, mashikio ya ngazi, na baadaye pampu, vyote huunganishwa kwa waya wa shaba ili visitofautiane volti. Aliye majini ana ngozi iliyolowa, na tofauti ndogo ambayo nchi kavu asingeihisi inaweza kuikaza misuli yake asiweze kuogelea. Waya huo hauchukui nafasi ya waya wa ethi. Wa ethi husaidia saketi ikate umeme hitilafu ikitokea. Huu unafanya kila unachokigusa kiwe katika hali moja ya umeme.

Kanuni za umeme za Marekani zinataka shaba nzima isiyopungua namba 8, yaani kama milimita 8 za mraba, na za IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, nazo zinadai vyuma vyote viunganishwe. Kiungo kwenye nondo kiwe cha klampu iliyoidhinishwa kuzikwa ndani ya zege, si waya uliosokotwa kwa koleo. Kama nondo zako zimepakwa epoksi, hazipitishi umeme, hivyo utahitaji wavu wa shaba. Taa za ndani ya maji nakushauri zisizidi volti 12. Msubiri fundi umeme arudi. Asiporudi, tafuta mwingine mwenye leseni.

Mvua imenyesha usiku, shimo lina maji kiasi cha kifundo cha mguu. Wanataka kuyatoa kwa ndoo na kuendelea mchana.

Maji yatoke, tope lote lililolainika likwanguliwe hadi udongo mgumu, na nondo zilizochafuka zioshwe. Pale walipokwangua sana pajazwe zege, si udongo wa kurudishia. Ndipo wapulize. Udongo uwe na unyevu, kwa kuwa udongo mkavu hunyonya maji ya zege, lakini pasiwe na dimbwi hata la upana wa sahani.

Kisha jiulize: maji yale yalitoka angani au chini? Yakirudi yenyewe baada ya kutolewa, una maji ya ardhini, na hapo hadithi inabadilika. Ganda la bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1.5 na unene wa sentimita 15, lina uzito wa kama tani 25. Maji ya ardhini yakisimama mita moja juu ya sakafu yake yanalisukuma kwenda juu kwa zaidi ya tani 32. Bwawa tupu huelea, hunyanyuka na kupasua mabomba. Hakikisha chini ya dreni kuna shimo la kokoto na bomba la vali ya kupunguza presha ya maji ya ardhini limefika humo, mdomo wake umefunikwa ili zege lisiingie. Na siku yoyote ya baadaye utakayotaka kulimwaga bwawa, chunguza kwanza maji ya ardhini yako wapi.

Zege kavu la gunaiti au lile lililochanganywa tayari, lipi bora?

Yote mawili yanajenga bwawa zuri: la gunaiti hukutana na maji kwenye mdomo wa mpira, jingine huja limeshachanganywa nayo. Mashine ya kupulizia ya mvumbuzi Carl Akeley iliyopewa hataza Marekani mwaka 1911 ilikuwa ya mchanganyiko mkavu, na njia hiyo bado inatumika. Uliza nani anashika mpira. Taasisi ya Zege ya Marekani, ACI, hutoa vyeti vya kazi hiyo. Asiye na cheti aonyeshe mabwawa aliyopuliza na uzungumze na wenyewe.

Unene wa sentimita 10 ukutani si unatosha kama nondo ni nyingi?

Hapana. Jumlisha kava ya 75, nondo na kava ya 50 uone milimita ngapi zimebaki. Anza na sentimita 15.

Shikamoo mhandisi. Fundi anasema zege litakalodondoka chini watajazia kwenye ngazi na viti ili lisipotee bure.

Marahaba. Umefanya vema kuuliza kabla.

Zege linapopigwa ukutani, sehemu yake hudunda na kuanguka. Kinachodunda ni kokoto na mchanga zaidi. Saruji nyingi imebaki ukutani. Rundo lile chini linafanana na zege, lakini halina kinachoshika. Mafundi wavivu hulikusanya kwenye ngazi na viti, yaani palepale penye unene mkubwa pasipoonekana, halafu hulifunika kwa tabaka la zege zuri. Nilipata kusimama kwenye bwawa ambalo ngazi yake ilikuwa inavuja. Tulipoivunja, chini ya ganda la juu kokoto zilitoka kwa vidole, moja moja, kavu, bila hata alama ya saruji juu yake. Maji yalikuwa yanapita humo tangu siku ya kwanza.

Mwambie mbele ya vijana wake: kilichodunda kinatolewa nje na kutupwa. Ukague leo kama kuna njia ya kukitolea, mikokoteni, na mahali pa kukimwaga. Pasipokuwepo, jibu umelipata. Awepo pia mtu mwenye bomba la hewa la kupuliza kona na nyuma ya nondo mbele ya mshika mpira. Nguvu ya zege iandikwe kwenye oda: megapaskali 28 ndiyo ya chini ninayoikubali, na maji yasiongezwe kwenye gari ili "liteleze vizuri". Kama watapulizia kwa siku mbili, wakubaliane leo wataishia wapi, na kiungo hicho kioshwe kabla ya kuendelea.

Mke wangu anataka ngazi iwe pana zaidi. Tumwambie fundi lini?

Leo hii.

Shimo limekaa wazi wiki kadhaa tukisubiri pesa. Kuna ubaya?

Kuna watoto wa jirani na kuna ncha za nondo zimesimama wima. Zungusha uzio ambao mtoto hawezi kuuruka, vika kofia kila ncha, na uondoe ngazi ya mbao jioni. Zege likiwa tayari kuja, rudia ukaguzi wote tangu mwanzo, kwani kuta za udongo humomonyoka na kuzijaza zile milimita 75 ulizozipima.

Mkaguzi wa serikali amepita na kugonga muhuri. Bado nipime mwenyewe?

Ndiyo. Yeye hutazama sheria, na mara nyingi kwa dakika chache. Hajui kama uliahidiwa kina cha mita 1.8, wala kama kiti cha majini kiliuzwa kwa urefu wa mita 3. Muhuri wake uwe ni sharti la kuanza, pamoja na saini ya mhandisi aliyechora.

Baada ya kupuliza nianze kumwagilia lini?

Siku hiyohiyo, mara zege linapokuwa gumu kiasi cha kutochimbika kwa maji, na uendelee kwa siku 7 bila kuliacha likauke, usiku na mchana. Kwa hiyo mpira wa kumwagilia, bomba lenye maji ya uhakika na jina la atakayelala zamu viwepo kabla gari halijaitwa.